Wazito na Wepesi Hupata Sawa

Siku Mwalimu Severini alipofanikiwa kuwafanya wazito na wepesi wapate sawa, alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne na miezi mitano. Umri wa mtu hautajwi hovyo, lakini huu lazima utajwe, maana ndio uliomkaba koo. Serikali haimpi ajira ya kwanza mtu aliyevuka arobaini na mitano. Ukifika hapo hujaandikwa, basi, hata uwe unaijua fizikia kuliko waliotunga mtaala. Severini alibakiwa na miezi saba.

Alikuwa mwalimu wa kujitolea katika Shule ya Sekondari Mpingoni, kaskazini mwa Kilwa Masoko, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa. Kujitolea ni neno tamu kwa anayejitolewa. Anayejitolea mwenyewe hula kwa mkewe. Katarina ndiye aliyelima ufuta na mihogo, akauza, akanunua daftari za binti yao Consolata na sabuni ya kufulia shati la mumewe. Severini alichangia sahani ya makande aliyokula shuleni mchana, kwa maana kwamba hakuja kula nyumbani. Kwenye orodha ya walimu iliyobandikwa ofisini, jina lake lilikuwa la mwisho, tena limeandikwa kwa penseli.

Usidhani alikuwa mvivu. Alizaliwa Rondo, Mmwera, mtoto wa katekista, akamaliza darasa la saba na nafasi ya sekondari ikampita. Akapasua mbao miaka sita. Kisha akasoma mwenyewe, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaufanya na wa sita, na alipoingia chuo kikuu Dar es Salaam alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anakaa benchi moja na watoto wanaomwita mjomba. Mwaka wa mwisho akaanguka somo moja, la joto na gesi. Somo moja tu! Akalirudia mwaka mzima. Wenzake waliotangulia kumaliza waliajiriwa wote kwa mkupuo. Yeye alipotoka na cheti chake mkononi, ajira zikasimama. Asiye na bahati habahatishi.

"Gesi ndiyo iliyonichelewesha," alizoea kusema, na watu wa Mpingoni walikubali kwa vichwa, kila mmoja akielewa vyake.

Maana huko Mpingoni gesi ilikuwa imewachelewesha wote. Bomba linatoka kisiwani Songo Songo, linapita chini ya bahari, linapanda nchi kavu na kwenda zake Dar. Kijijini lilipita nyuma ya mashamba ya mihogo, na vigingi vyake vya njano vimesimama hadi leo, mbuzi wanajikunia. Wanawake wanapikia kuni na mkaa. Mwenye uwezo hununua mtungi mdogo unaoletwa na lori kutoka Dar. Penye miti hapana wajenzi, waliambiana, na wakaendelea kupuliza moto.

Severini alijaribu mara nyingi kuwaeleza kwamba gesi ya bomba na gesi ya mtungi ni vitu viwili. Ya bomba ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa. Ya mtungi ni nzito, ikivuja inatambaa sakafuni, ndiyo maana mlango ufunguliwe kabla ya kuwasha kiberiti. Watu walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, hiyo nyepesi yetu inarudi lini?"

Ndipo shule ikapata kompyuta tatu za msaada. Mbili hazikuwahi kuwaka. Ya tatu iliwaka kwa kubembelezwa, na Severini akaibembeleza miezi minane, kila alasiri baada ya vipindi, umeme ukiwapo. Alijifunza kuandika programu kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akisoma mstari mmoja na kuurudia mara kumi. Alichotaka ni kitu kimoja: watoto waione gesi. Maabara ya Mpingoni ilikuwa na meza, sinki lisilo na bomba la maji, na picha ya mifupa ya binadamu. Gesi haionekani hata penye maabara nzuri. Yeye aliamua ataionyesha.

Akachora kisanduku kwenye kioo cha kompyuta. Ndani akatia vidoti mia mbili, mia vikubwa vyekundu na mia vidogo vya buluu. Kila kikubwa alikipa uzito mara kumi na sita ya kidogo. Mwanzoni nguvu yote aliwapa wakubwa, wadogo wamelala tu wametulia. Kisha anaachia, wagongane. Mara mbili za kwanza vidoti vilinata ukutani vyote kama nzi kwenye mabaki ya uji, na ilimchukua wiki tatu kugundua kwamba alikuwa amesahau alama moja ya kutoa. Alipoirekebisha, wakubwa wakaanza kuwavamia wadogo, wadogo wakaruka huku na huku, wakagonga kuta, wakarudi, wakagonga wakubwa.

Pembeni alikuwa ameweka mistari miwili, mwekundu wa kuonyesha wastani wa nishati ya wakubwa, na wa buluu wa wadogo. Mwekundu ulianzia juu kabisa, wa buluu chini kabisa. Wa juu ukashuka, wa chini ukapanda, polepole, hadi ikakutana ikawa inatetemeka pamoja kwenye kimo kimoja. Wadogo walikimbia mara nne ya wakubwa, wakubwa walijikokota, lakini ukipima nishati, kila upande una sawa na mwenziwe. Hakuna aliyewaamuru. Ni kugongana tu, maelfu ya mara, mpaka haki ikatokea yenyewe.

Severini alilia, na hakuona aibu, maana alikuwa peke yake na mifupa ya binadamu ukutani. Hilo ndilo somo lililomwangusha chuoni, na sasa alikuwa ameliweka kwenye kioo kwa mikono yake.

Tatizo likabaki lugha. Sekondari fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wa Mpingoni walikipokea Kiingereza kama mvua ya mbali, wanaisikia lakini hawalowi. Akitaja kwa Kiingereza chembe zenye uzito mkubwa na chembe zenye uzito mdogo, wanaandika bila kuelewa. Kwa hiyo akazigeuza chembe kuwa watu. "Hawa wekundu ni wazito," akawaambia. "Hawa buluu ni wepesi. Mzito akimgonga mwepesi, anampa. Mwepesi akimgonga mzito, naye anampa kidogo. Mwisho wake wanapata sawa." Darasa zima likafumbuka macho. Kidato cha pili, ambao mtihani uliopita walipata alama za kufukuzia nzi, wakaanza kumweleza mwenzao aliyekosa kipindi, wazito hivi, wepesi vile. Severini akaona ameupata ufunguo, na miezi miwili mizima hakutumia maneno mengine.

Hakukumbuka kwamba huko nje ya darasa maneno hayo yana wenyewe.

Mwezi wa saba mkuu wa shule akamwita ofisini. Aliitwa Benjamin, mtu mwema, mdogo kwa Severini kwa miaka saba, na kwa sababu hiyo alimwita kaka hata alipokuwa anamtuma.

"Kaka Severini, kaa. Ajira zimetoka. Safari hii waliojitolea wanafikiriwa kwanza."

Severini hakukaa. "Tangazo umeliona mwenyewe?"

"Nimeliona. Fizikia ipo. Ila fomu lazima igongwe muhuri na ofisi ya elimu wilayani, kuthibitisha kwamba kweli ulijitolea. Na unajua umri wako."

"Naujua."

"Sasa sikia. Jumamosi ijayo ni siku ya wazazi, na afisa anakuja mwenyewe. Mwonyeshe hiyo kompyuta yako. Akiona mtu wa kujitolea ametengeneza kitu kama kile, atauliza muhuri uko wapi augonge hapo hapo." Benjamin akacheka kwa furaha ya kweli. "Niandikie tu karatasi ya tangazo, nimpe Yunusu aitangaze kijijini."

Severini akaandika palepale, amesimama. Aliandika hivi: Siku ya wazazi, Jumamosi saa nne, mgeni ni afisa kutoka wilayani, kutakuwa na maonyesho ya fizikia juu ya mgawanyo wa nishati katika gesi, jinsi wazito na wepesi wanavyopata sawa. Aliandika kama alivyozoea kusema. Benjamin akasoma haraka, akaona vituo na herufi kubwa zimekaa vizuri, akaikunja.

Yunusu alikuwa mpiga mbiu wa kijiji, mwenye kipaza sauti cha mkononi na baiskeli isiyo na breki. Hakuwahi kuisoma karatasi kama ilivyo. Kwake karatasi ilikuwa mifupa, nyama anatia mwenyewe. Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi akapita kila kitongoji, na upepo ukasaidia.

"Wazazi eee! Jumamosi saa nne, shuleni! Mgawanyo wa gesi! Nasema mgawanyo wa gesi! Wazito na wepesi, wote wanapata sawa! Afisa wa wilaya atakuwapo! Asiyesikia aambiwe na mwenziwe!"

Ukimshitaki Yunusu, utamshitaki kwa lipi? Gesi ilikuwamo kwenye karatasi. Mgawanyo ulikuwamo, na wazito, na wepesi, na afisa. Fizikia ndiyo iliyopotea njiani, na nani aliwahi kupanda baiskeli kwenda kutangaza fizikia? Kwa Kiswahili cha watu mzito ni mwenye cheo na gari, asiyempisha mtu ila hupishwa, na mwepesi ni wewe na mimi. Miaka ishirini kijiji kilikuwa kikingoja mtu aseme maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Katarina aliyasikia shambani. Akaja nyumbani na jembe begani, akamkuta mumewe anapiga pasi shati.

"Baba Consolata, Jumamosi gesi inagawiwa?"

Severini akacheka, akidhani mkewe anamtania. "Ndiyo, mama. Njoo na ndoo."

"Mimi sicheki. Huko nje watu wanahesabiana."

"Waache wahesabiane. Wakija wengi, afisa ataona somo linapendwa."

Katarina alimtazama, akataka kusema neno, akaona furaha aliyokuwa nayo, furaha ambayo hakuiona usoni mwa mume wake tangu Consolata alipozaliwa. Akamwonea huruma akanyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule, ingawa haukuwa wake mzigo huo.

Siku ya wazazi Mpingoni huleta watu thelathini, na nusu yao huja kudai mtoto arudishwe aende shamba. Jumamosi ile saa tatu uwanja ulikuwa umejaa hadi kwenye vyoo. Walikuja wazee wa kanzu na wakulima wa vilimani waliotoka alfajiri, Waislamu na Wakatoliki pamoja. Walikuja kwa pikipiki kutoka vijiji viwili vya jirani. Severini alitoka darasani akauona umati, na moyo wake ukaruka. Fizikia imependwa, alijiambia, watu wameitikia. Kisha akaanza kuona walichoshika. Vitambulisho vya taifa. Nakala za vitambulisho kwenye mifuko ya nailoni. Na mitungi. Mitungi mitupu, ya kijani na ya buluu, imepangwa foleni kivulini kana kwamba ndiyo iliyowahi namba.

Mbele ya foleni alisimama Bi Mwanahija, ajuza wa Kimatumbi aliyewazika waume wawili na kuheshimiwa na kijiji kizima. Mtungi alikuwa ameuazima kwa mwanawe.

"Shikamoo, bibi," Severini akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki. Miaka yote hii tulikuwa tunasomesha watoto, hatukujua tunasomeshewa mkombozi."

Gari jeupe likaingia, vioo vimefungwa. Afisa akashuka, akatazama uwanja, akatazama mitungi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwaka wa uchaguzi hata kikohozi husikilizwa mara mbili.

"Hawa wote wamefuata nini?" akamuuliza Benjamin.

"Fizikia, mheshimiwa."

"Na mitungi?"

Benjamin akamvuta Severini pembeni. "Kaka, eleza. Eleza waelewe, halafu waende nyumbani. Usiongeze kitu."

Wakaiweka kompyuta dirishani, kioo kikitazama nje, watoto wa kidato cha pili wakishika kanga juu kuzuia mwanga. Severini akaomba kipaza sauti cha Yunusu. Akawaambia wazi kwamba kulikuwa na kutoelewana. Hapana gesi inayogawiwa leo. Hii ni fizikia, ni mfano tu, ni vidoti kwenye kioo. Watu wakaitikia kwa heshima, wakijua kwamba mbele ya afisa mtu lazima aanze hivyo. Wakasogea karibu zaidi.

Akaachia vidoti. Uwanja ukatulia. Watu ambao hawakuwahi kuona somo la fizikia maishani mwao walitazama mstari mwekundu unashuka na wa buluu unapanda, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mistari ilipogusana, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakadakia, uwanja mzima ukalia vigelegele. Severini alisimama katikati ya kelele ile na kwa dakika moja akasahau muhuri, akasahau umri, akafurahi tu. Huo ndio ukweli. Alifurahi.

Bi Mwanahija akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, hao wekundu ndio wazito?"

"Ndio, bibi."

"Na hao buluu ndio sisi?"

Angesema hapana, hizo ni chembe. Ndivyo angesema mtu mwenye akili ya dunia. Lakini bibi aliuliza vizuri, na Severini alikuwa mwalimu hadi kwenye uboho.

"Chukulia hivyo, bibi."

"Basi nina swali. Hao kwenye kioo wanapata sawa kwa sababu wanagongana, nimeona kwa macho yangu. Sasa wazito wetu wanapita na magari, vioo juu. Sisi tutagongana nao wapi?"

Kicheko kikapasuka, kisha kikafa ghafla, maana kila mtu alimgeukia afisa, halafu kila mtu akamgeukia Severini. Alikuwa na njia ya kutoka. Angecheka, angesema tuombe dua, angemkaribisha mgeni wetu atoe neno. Fomu ilikuwa mfukoni mwa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Lakini swali lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo alilitafuta mwaka mzima wa kurudia somo na miezi minane ya kubembeleza kompyuta.

"Wasipogongana, bibi," akasema, "hawagawani."

Afisa akatoa kalamu, akaandika. Vijana nyuma wakapiga mbinja na kupaza sauti, "Wagongwe! Wagongwe!" kwa mzaha wa vijana, na mzaha huo ukasikika mpaka barabarani. Benjamin akanyang'anya kipaza sauti, akafunga mkutano kwa sala mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, zote fupi. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekamatwa. Afisa alimpa Severini mkono kabla ya kupanda gari. "Hongera, mwalimu. Una kipaji," akasema. Severini akabaki amejishika mkono ule ule, akijipa moyo.

Wakati huo watu walikuwa bado kwenye foleni. Ilimbidi apite mtungi kwa mtungi kuwaambia waende. "Hapana gesi, mama. Haikuwapo tangu mwanzo. Nisamehe, mzee wangu." Waliondoka mmojammoja, hawakutukana. Bi Mwanahija aliondoka wa mwisho. Alitazama gari jeupe linavyotimua vumbi, akamtazama Severini, akasema, "Naona alikupa mkono." Severini hakuelewa siku ile.

Jumanne ikaja barua. Kompyuta ihifadhiwe ofisini kwa uchunguzi. Mwalimu wa kujitolea atoe maelezo ya maandishi kuhusu "mgawanyo wa gesi" aliouhutubia. Severini alikaa siku mbili akaandika kurasa nane, kwa mwandiko mzuri, akaanza na mgongano wa chembe mbili na kuendelea hatua kwa hatua, kanuni zote, hadi wastani wa nishati. Aliamini kwamba mtu yeyote mwenye nia njema akizisoma atacheka na kugonga muhuri. Alizipeleka mwenyewe Kilwa Masoko. Karani alizifunua, akasimama ukurasa wa tano.

"Hizi hesabu, mwalimu, ni za gesi kiasi gani?"

"Si gesi hiyo, dada. Ni nadharia."

"Lakini hapa umeandika jumla."

Kuanzia hapo kila Alhamisi alivaa shati lake akaenda Masoko kufuatilia muhuri. Anayegonga muhuri yuko semina. Njoo wiki ijayo. Faili liko kwa mkubwa. Mkubwa amesafiri. Maelezo yako yamepelekwa kwa wataalamu. Hakuna aliyemwambia hapana. Laiti wangemwambia hapana angekasirika, na hasira ingemsaidia. Walimwambia subiri, naye alikuwa fundi wa kusubiri kuliko mtu yeyote wilayani, akasubiri hadi tarehe ya mwisho ya kupokea fomu ikapita, Ijumaa moja yenye jua zuri, fomu ikiwa mfukoni haina muhuri. Ilipokuwa jioni akaitoa, akampa Katarina. Katarina aliisoma yote, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku penye cheti cha ubatizo cha Consolata. Wakala mihogo. Kila mmoja alijua mwenzake anajizuia kulia.

Hilo lingetosha. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Kijiji kilikuwa kimeona. Kiliona mwalimu ameahidi mgawanyo mbele ya watu mia nne, kisha amepewa mkono na mzito, kisha anapita mtungi kwa mtungi akisema hapana gesi. Kiliona kila Alhamisi anavaa shati la pasi anakwenda wilayani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakasema amenyamazishwa kwa ajira. Wakasema alijua kila kitu, zile hesabu za kurasa nane ndizo zenye siri, akaziuza. Yunusu, ambaye ndiye aliyetia nyama kwenye mifupa, alisikitika kuliko wote. "Angetuambia tu wamempa nini," alisema, "mbona tungemwelewa."

Katarina aliyapata kisimani. "Hongera, mama mwalimu wa serikali," mwanamke mmoja alimwambia, akijaza ndoo yake taratibu makusudi. "Sisi wengine tutaendelea na mkaa." Katarina aliapa kwa Bikira Maria kwamba mumewe hana ajira, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyotazamana. Akaacha kwenda kisima kile. Akawa anakwenda cha mbali, chenye maji ya chumvi.

Severini akatimiza miaka arobaini na mitano Jumatano, mwezi wa kumi. Hakuna aliyeitaja siku hiyo nyumbani, hata Consolata. Kesho yake Benjamin alimwita.

"Kaka, kidato cha nne wana mtihani mwezi ujao. Najua yaliyokupata. Lakini hutawaacha?"

"Sitawaacha."

"Ila somo la gesi," Benjamin akasema, akitazama meza, "fundisha kwa Kiingereza tu. Kama kitabu kilivyo. Yale maneno yako mengine yaache."

Akafundisha kwa Kiingereza, kama kitabu kilivyo. Watoto waliandika kila alichoandika, kwa utulivu mkubwa, na akaona kabisa kwamba hakuna anayeelewa kitu. Mmoja aliinua mkono kuuliza kama hao ndio wazito, na Severini akamwambia akae chini. Hakuwahi kumwambia mtoto vile tangu aanze kazi.

Asubuhi ya Ijumaa, akienda shuleni, alikutana na Bi Mwanahija kwenye njia nyembamba kati ya mihogo, na mzigo wa kuni kichwani. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu siku ya mitungi. Severini alisimama, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa Rondo.

"Shikamoo, bibi."

Ajuza hakuitikia. Alitua kuni chini, akajifunga kanga vizuri, akakunja goti mbele yake.

"Shikamoo wewe, mheshimiwa."

Kwetu hakuna tusi linaloumiza kama hilo, bibi wa watu kumwamkia mtu aliye sawa na mwanawe. "Bibi, usinifanyie hivyo," akasema. "Sijaajiriwa. Juzi nimetimiza arobaini na mitano. Sitaajiriwa tena mpaka kufa kwangu. Muulize mkuu, muulize Katarina, yeyote umtakaye."

Bi Mwanahija alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Ndivyo mnavyofundishwa kusema," akajibu. Akazibeba kuni zake, akaingia pembeni kwenye mihogo, akasimama humo na mzigo wake kichwani, ampishe apite.